Bumu Hupunguzwa Bila Tangazo

Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipeleka kwenye Bunge la nchi hiyo pendekezo la kushusha kiwango cha juu cha Pell Grant, ruzuku wanayopewa wanafunzi wa vyuo wanaotoka familia zenye kipato kidogo. Kutoka dola 7,395 kwa mwaka, kishuke hadi dola 5,710. Hizo ni dola 1,685 anazopokonywa mwanafunzi mmoja, karibu robo ya fedha yake. Pendekezo hilohilo lilitaka mpango wa kuwalipa wanafunzi kwa kazi za chuoni ukatwe dola milioni 980, na ruzuku nyingine ya nyongeza kwa wasiojiweza ifutwe kabisa. Baraza la Wawakilishi nalo lilikuja na lake: anayetaka ruzuku kamili abebe uniti 30 za masomo kwa mwaka badala ya 24. Kwa kijana anayesoma mchana na kufanya kazi usiku, sharti hilo ni kukatwa fedha, hata kama neno lenyewe halikutamkwa.

Kelele zikapigwa. Vyuo vikaandika barua, wazazi wakawapigia simu wabunge wao, Seneti ikaliondoa sharti la uniti. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ikakiacha kiwango cha juu cha Pell kilivyo, ingawa ilifunga mkopo wa Grad PLUS kwa waombaji wapya wa shahada za juu kuanzia Julai 2026. Waliokwisha kuanza kukopa chini ya utaratibu wa zamani waliachiwa muda wa kumalizia.

Wengi hapa Dar es Salaam walizipokea habari hizo kama mambo ya huko kwao. Mimi naona zinatuhusu, na sababu si kwamba tuna ndugu wanaosoma Marekani. Zinatuhusu kwa kuwa pendekezo la kule liliandikwa kwa tarakimu, likawekwa hadharani, kila mtu akaona nani ananyang'anywa nini, ndiyo maana liliweza kupingwa. Kwetu msaada wa mwanafunzi, likiwemo bumu, yaani fedha ya mkopo anayopewa ya kula na kulala, hupungua bila mtu yeyote kusimama na kutangaza kwamba anaupunguza. Na kisichotangazwa hakina pa kupingiwa.

Fuatilia hotuba za bajeti utaona kinachosomwa ni ongezeko. Mwaka wa fedha 2020/21 fedha za mikopo ya elimu ya juu zilikuwa Sh464 bilioni. Mwaka uliofuata zikapanda hadi Sh570 bilioni, na 2024/25 zikafika Sh787 bilioni. Kuanzia 2023/24 serikali ikaongeza Sh48 bilioni kwa ajili ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kundi ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiachwa nje ya mlango. Sitaki kuzibeza hatua hizo. Ni kubwa, na kuna vijana wa Kigoma, Mtwara na Mbagala walio madarasani leo kwa sababu yake.

Sasa tupige hesabu. Sh787 bilioni za 2024/25 zilipangwa kwa wanafunzi wapatao 245,000. Gawanya, utapata wastani wa kama Sh3.2 milioni kwa mwanafunzi kwa mwaka. Fedha ya chakula na malazi peke yake, kwa Sh10,000 kwa siku na siku 240 za masomo, ni Sh2.4 milioni. Zinabaki kama laki nane. Katika hizo utoe ada, ambayo kwa kozi nyingi za vyuo vya umma inaanzia karibu milioni moja na kwa udaktari inakwenda mbali zaidi. Utoe Sh200,000 za vitabu na viandikwa. Utoe fedha ya mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wanaiita fedha ya fildi. Utoe mahitaji maalumu ya kitivo kwa anayesoma usanifu majengo au maabara. Haiwezekani. Hata mfuko ungekuwa mikononi mwa malaika, kwa wastani huo hauwezi kumlipia kila mmoja kila kitu. Lazima mtu akose kitu, na ndiyo maana kuna asilimia: kila mmoja anapangiwa sehemu ya gharama zake kwa kadiri anavyopimwa uwezo.

Kila Oktoba, majina yakianza kutoka kwa awamu, swali la mtaani ni moja: "Umepata ngapi?" Aliyepata chakula na malazi yote na ada nusu anahesabiwa amebahatika. Mwingine amepata chakula, ada hakuna. Mwingine amepata sehemu ya hiki na sehemu ya kile, na anatakiwa kujua mwenyewe namna ya kuziba. Kwenye takwimu za bungeni wote hao wanasomwa kwa jina moja la wanufaika. Ukimpa mtu theluthi ya anachohitaji na mwenzake ukampa chote, umepata wanufaika wawili. Idadi inapanda vizuri. Hapa ndipo upunguzaji wa kimyakimya unapojificha: mfuko unakua, idadi ya wanaogawana inakua nao au kuuzidi, na kile kinachomfikia mmoja mmoja kinazidi kuwa chembamba.

Anayeumia zaidi kwa asilimia hizi mara nyingi si yule maskini kabisa. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, yatima mwenye vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mwenye ulemavu, hao angalau wana karatasi inayowasemea. Anayeumia ni mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi wa Gongo la Mboto, ambaye mzazi wake ana hati ya mshahara, na hati hiyo inasema ana uwezo. Haisemi kwamba mshahara huo umeshaliwa na mkopo wa benki uliojengea vyumba viwili, wala haisemi kuna wadogo watatu nyuma. Ni mtoto wa fundi cherehani wa Manzese ambaye mjomba alimsomesha shule ya binafsi kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha mjomba akafariki. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2016, kusoma shule ya binafsi kulichukuliwa kuwa ushahidi wa uwezo, na wapo waliokwama kwa sababu hiyo hata kama aliyelipa ada alikuwa padri, mfadhili au marehemu.

Turudi kwenye Sh10,000, maana ndiyo roho ya jambo lenyewe. Ilikuwa Sh8,500 kwa miaka kadhaa, ikapandishwa mwaka wa masomo 2022/23, na wanafunzi wakashangilia kwa haki kabisa. Bumu la siku sitini likatoka Sh510,000 hadi Sh600,000. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikapandisha nauli: daladala za safari fupi zikatoka Sh500 hadi Sh600, mwendokasi kutoka Sh650 hadi Sh750. Mwanafunzi wa chuo hana nauli ya mwanafunzi. Havai sare, analipa kama mtu mzima yeyote. Anayepanga Kimara na kusoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anapanda mwendokasi hadi Ubungo, kisha daladala kupandisha chuoni. Kwenda na kurudi ni Sh2,700. Zaidi ya robo ya elfu kumi imeishia barabarani kabla hajanywa chai.

Weka na chumba. Cha Sh80,000 kwa mwezi, bei ya mtu mwenye bahati, ni kama Sh2,670 kwa siku, na mwenye nyumba hataki kwa siku wala kwa mwezi. Anataka ya miezi mitatu au sita mkononi. Bumu likiingia leo, asilimia 40 yake au zaidi inapita tu kwenye simu ya mwanafunzi kuelekea kwa mwenye nyumba. Kinachobaki cha kula, siku ya vipindi, ni Sh4,600 na kitu. Wali maharage mara mbili kwa mama ntilie na chupa ya maji, kimekwisha. Bado sabuni, bado bando la kusomea, bado kutoa nakala, bado taulo za kike kwa wasichana.

Ndiyo maana pasi ndefu ipo. Unakunywa chai nzito saa nne, unapiga pasi hadi jioni. Wanafunzi wanalisema kwa kicheko, na mimi kicheko hicho sikipendi, kwa sababu kinatufanya watu wazima tuone njaa ya vijana wetu kama utani wa ujana. Ipo pia kubebana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mabweni mapya Aprili 2017, yale yanayoitwa Hosteli za Magufuli, yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini chuo kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na aliyekosa nafasi anambeba mwenzake au anabebwa, wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, muhula mzima.

Kiwango kikisimama palepale huku nauli, unga na kodi vikisonga mbele, mwanafunzi amepunguziwa. Hakuna kikao kilichokaa wala kifungu kilichobadilishwa. Muda umepita, basi. Marekani walitaka kukata robo kwa mkupuo mmoja. Sisi tunaweza kuikata hiyohiyo robo kwa kutofanya lolote kwa miaka kadhaa, na hakuna mbunge atakayeulizwa.

Kuna namna nyingine ya kupunguza ambayo haionekani kwenye hesabu za mwaka kabisa, nayo ni kuchelewesha. Kwenye vitabu vya serikali, Sh600,000 zilizolipwa wiki ya kwanza na Sh600,000 zilizolipwa wiki ya saba ni fedha ileile. Kwa mwanafunzi si ileile hata kidogo. Katika hizo wiki sita amekopa kwenye programu za simu zinazompigia mama yake na marafiki zake wote akichelewa siku mbili. Amekopa kwa mtu wa kausha damu hapo Sinza au Mwenge, chukua laki rudisha laki na thelathini. Amekula kwa daftari kwa mama ntilie, ambaye naye mtaji wake ni elfu hamsini na hawezi kuwabeba watoto wa watu ishirini. Bumu likitoka, kabla hajasaini ameshalimaliza. Na wapo wasichana ambao katika wiki hizo wamelazimika kukubali misaada ya wanaume ambao wasingewasogelea kama wangekuwa wameshiba. Aliyepanga karibu na hosteli yoyote ya jiji hili anayajua haya. Tunayanong'ona kama udaku wakati ni sehemu ya gharama ya kuchelewesha malipo, na ingepaswa kuandikwa kwenye taarifa za ukaguzi.

Chuo nacho hakisubiri. Ada isipolipwa, mfumo haumruhusu mwanafunzi kujisajili, na asiyesajiliwa hana namba ya mtihani. Anaahirisha mwaka. Hapo tena mkopo wake wa mwaka unaofuata unaingia kwenye maswali, na baadhi hawarudi. Fedha ambazo taifa lilishamlipia mwaka wa kwanza na wa pili zimekwenda na maji. Ukitaka kuona hasara halisi ya kumnyima kijana laki tano ya mwaka wa tatu, hesabu na milioni sita ulizokwisha kumlipia.

Ndugu zetu wa upande wa pili wana hoja, na si vizuri kuipita kama haipo. Wanasema hivi: wanaofika chuo kikuu ni wachache, nchi ina watoto wanaokaa chini shule za msingi na zahanati zisizo na dawa. Kwa nini mkulima wa Namtumbo amlipie mwanafunzi wa Mlimani ambaye kesho atakuwa na gari? Na wanaongeza: waliokopa hawarudishi, wafuate madeni kwanza.

Hoja ya kwanza ingekuwa na nguvu kama hii ingekuwa sadaka. Tangu gharama za elimu ya juu zilipoanza kuchangiwa mwaka 1988, na mikopo ilipoanza katikati ya miaka ya 1990, hadi sheria ya mwaka 2004 iliyoiunda Bodi ya Mikopo, ambayo ilianza kazi Julai 2005, msingi umekuwa kwamba mwanafunzi anakopa na atalipa. Tena, katika bajeti ya taifa ya 2024/25 iliyokuwa Sh49.35 trilioni, mikopo ilikuwa kama asilimia 1.6. Huwezi kujaza zahanati zote za nchi kwa kukwangua humo. Na mtoto wa mkulima wa Namtumbo ndiye hasa anayehitaji mkopo huo. Mtoto wa Masaki atasoma tu, mkopo uwepo usiwepo. Ukiukata, chuo kitaendelea kuwa na wanafunzi, ila watakuwa ni wa Masaki.

Hoja ya pili, ya wasiorudisha, ina ukweli ndani yake. Wapo wenye kazi nzuri na biashara zinazoonekana ambao hawajalipa hata shilingi, na kila mmoja wao amekalia kiti cha kijana wa leo. Hao wafuatwe, bila huruma. Lakini tuangalie pia tulivyowatendea wanaolipa. Waliosaini mikataba yao wakijua watakatwa asilimia 8 ya mshahara walijikuta, baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, wanakatwa asilimia 15. Mwalimu mpya wa sekondari ambaye alikuwa ameshapanga maisha yake kwa asilimia 8 aliona mshahara wa mwezi mmoja umepungua bila kuulizwa. Ikawepo tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka iliyofanya deni likue huku mtu analipa. Mtu anakatwa miaka mitano, akiomba taarifa anakuta anadaiwa karibu na pale alipoanzia. Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta tozo hiyo, akitangaza Mei Mosi 2021 pale Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 ikafuata. Ulikuwa uamuzi wa haki. Ila asilimia 15 ipo palepale, na fundisho la 2016 halijafutika vichwani: mkataba wa mwanafunzi na serikali unaweza kubadilishwa na upande mmoja, baada ya kusainiwa.

Linganisha na wengine, hata wale tunaowaona wakali. Uingereza ilipofuta ruzuku za kujikimu kwa wanafunzi wa kipato cha chini na kuzigeuza kuwa mikopo, mwaka 2016, ilianza na wanaoingia mwaka wa kwanza. Waliokwisha kuanza waliendelea kwa masharti yao hadi walipomaliza. Marekani, kama nilivyosema, hata katika sheria ya 2025 waliwaachia muda waliokuwa njiani. Si kwamba wana huruma kutuzidi. Wanajua kwamba mtu aliyefikishwa katikati ya mto hawezi kuambiwa daraja limeishia hapo.

Kenya wamepita njia yao, nayo inatufaa kuitazama kwa kuwa wao ni jirani na HELB, bodi yao ya mikopo, ni ya tangu 1995. Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto ilileta mfumo mpya unaowapanga wanafunzi katika makundi kwa uwezo wa familia, kila kundi na mchanganyiko wake wa ufadhili, mkopo na mchango wa mzazi. Kwenye karatasi ulikuwa wa haki kuliko wa zamani. Tatizo likaja kwenye kupanga: watoto wa familia duni walijikuta kwenye kundi la wenye nacho, wazazi wakatakiwa kutoa fedha ambazo hawajawahi kuzishika, mitaa ikajaa wanafunzi. Desemba 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikasema mfumo huo ni kinyume cha katiba, serikali ikakata rufaa. Ninachokiona pale ni kwamba unaweza kupunguza msaada kwa kubadilisha tu namna unavyompima mtu. Fomu ikibadilishwa swali moja, maelfu wanahama kundi. Sisi tunaojaza fomu zetu kila Julai na Agosti, muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa huku na saini ya wakili kule, tunapaswa kujua ni swali gani lina uzito gani. Hatujui. Mwanafunzi anaona matokeo, haoni mizani. Akikata rufaa anakata gizani.

Nalikumbuka pia jambo moja la historia yetu wenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu mia nne. Ilikuwa adhabu kali na wengi wao baadaye walirudishwa. Lakini katika hasira ileile alitangaza kukata mishahara ya wakubwa serikalini, wa kwake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kutokukubaliana na alivyowatendea wale vijana, na mimi sikubaliani naye. Ila hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anawafunga wengine mkanda huku wake umelegea. Siku waziri wa fedha wa nchi yoyote ya ukanda huu atakaposema fedha za wanafunzi hazitoshi, magari na posho za vikao viwe kwenye ukurasa huohuo.

Sasa kuna jambo ambalo sijasikia likijadiliwa inavyostahili. Elimu bila malipo hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016. Watu wa jiji hili wanakumbuka foleni za uandikishaji darasa la kwanza mwaka ule, madarasa ya Mbagala, Chamazi na Majohe yakapokea watoto kuliko madawati, wengine wakasoma kwa zamu. Watoto hao wamekua. Walimaliza darasa la saba 2022, wakaingia kidato cha kwanza 2023. Mtihani wao wa kidato cha nne ni Novemba 2026. Wa stashahada watagonga hodi vyuoni 2027. Wanaokwenda kidato cha tano na cha sita, ambako ada nayo imefutwa tangu 2022/23, watamaliza Mei 2029 na kufungua dirisha la maombi ya mkopo miezi michache baadaye. Nyuma yao, kwa mpango wa mtaala mpya, kuna mwaka ambao darasa la sita na la saba watamaliza pamoja na kuingia sekondari kwa mkupuo.

Wimbi hili tulilitengeneza wenyewe, kwa nia njema, na tunajua tarehe litakapofika. Bajeti ya mikopo ikiongezeka kwa mwendo wa kawaida tu hadi 2029, kila mmoja atakuwa amepunguziwa, na bado hotuba ya bungeni itasoma ongezeko. Bajeti ikisimama, sitaki hata kuipiga hesabu yake. Watoto tuliowaambia mwaka 2016 waje shule bure, wazazi wao wakaamini, watafika kwenye lango la chuo kipindi ambacho asilimia zimekuwa ndogo kuliko zilivyowahi kuwa.

Kwa hiyo ninayoyataka ni machache na yote yanapimika. Sh10,000 iunganishwe na mfumuko wa bei, ipitiwe kila mwaka kama nauli inavyopitiwa, isingoje huruma ya kiongozi. Kiasi anachopangiwa mwanafunzi mwaka wa kwanza kisishuke hadi amalize, labda kama yeye mwenyewe amefeli au ametoa taarifa za uongo. Mizani ya kupanga asilimia itangazwe, ili mama wa Buza ajue kwa nini mwanawe amepata 40 na wa jirani 75. Tarehe ya bumu iwe tarehe, na kila linapochelewa taarifa ionyeshe limechelewa siku ngapi na kwa uzembe wa nani: hazina, bodi, au chuo ambacho hakikupeleka matokeo.

Na Kamati ya Bunge ya Elimu, Utamaduni na Michezo, inapokaa kupitia makadirio ya wizara, iache kuuliza jumla ni bilioni ngapi na wanufaika ni wangapi. Iombe jedwali moja: katika kila wanafunzi mia wa mwaka wa kwanza, wangapi wamepata ada yote, wangapi nusu, wangapi hawakupata kabisa, na wangapi kati yao hawakusajiliwa mwaka wa pili. Taarifa za kulijaza zipo kwenye mifumo ya bodi na ya vyuo. Kisha iombe jedwali hilohilo lililokadiriwa kwa mwaka 2029/30, na waziri aeleze mbele ya waandishi amepanga kulijaza kwa fedha zipi.